Shajara ya mradi: kuisoma hali ya seva ya maziwa, Bahati

Kilichopo na kinachotakiwa

Seva tunayoishughulikia ni kompyuta ya kawaida ya mezani iliyowekwa katika ofisi ya chama kimoja cha ushirika cha wafugaji huko Bahati, Kaunti ya Nakuru. Kazi yake ni kupokea uzito wa maziwa ya kila mkulima kutoka kompyuta iliyo kando ya mizani, kuuandika katika hifadhidata ya PostgreSQL, na kutoa hesabu ambazo mwisho wa mwezi hugeuka kuwa malipo. Inaendeshwa na Debian 12, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, bila madirisha wala picha, kwa hiyo anayeketi mbele yake hukutana na maandishi na kishale kinachosubiri amri. Maziwa huanza kufika saa kumi na moja alfajiri, na kufikia saa tatu lori limekwisha kuondoka. Hitilafu inayogunduliwa baada ya hapo imegunduliwa kwa kuchelewa, kwa sababu vipimo vya asubuhi hiyo tayari vimeandikwa daftarini na vinasubiri mtu wa kuviingiza upya kimoja kimoja.

Hadi tunaanza, kipimo cha uzima wa mashine kilikuwa taa yake ya mbele. Katibu wa chama, mzee asiyependa maelezo marefu, aliitaja haja yake hivi: "Kijana wangu, nataka karani akiiuliza mashine, mashine ijibu." Basi tumekubaliana kutengeneza amri moja itakayoitwa `hali`, ambayo karani ataiandika kila alfajiri kabla ya mtungi wa kwanza kuwekwa kwenye mizani, na ambayo majibu yake ataweza kunisomea kwa simu nikiwa mjini Nakuru. Simu ni ya lazima hapa. Intaneti ya ofisi hiyo inatoka kwenye modemu ya mtandao wa simu, ambayo haina anwani inayofikika kutoka nje, kwa hiyo kuingia kwa `ssh` kutoka mjini hakuwezekani kwa sasa.

Kabla ya kuandika skripti yoyote, nimeamua kuiuliza seva maswali yote kwa mkono, amri baada ya amri, ili kila mstari utakaoingia katika `hali` uwe umethibitika kwamba unasema jambo lenye faida pale Bahati. Orodha za amri zimejaa kila mahali. Zinazomfaa karani wa maziwa ni chache.

Imewaka tangu lini, na ilizimika vipi

Amri ya `uptime` hutoa mstari mmoja wenye saa ya sasa, muda tangu mashine iwake, idadi ya walioingia, na tarakimu tatu za mzigo. Katika mahali ambapo mvua ya alasiri huja na radi na umeme ukapotea hadi usiku, huo muda wa kuwaka una uzito kuliko unavyodhaniwa: seva iliyoachwa ikifanya kazi jana jioni, na ambayo leo alfajiri ina dakika chache tu tangu iwake, imepatwa na jambo ambalo hakuna aliyelisimulia.

Kujua ni jambo gani kunahitaji kumbukumbu za mwasho uliopita. Debian, tangu toleo la 11, huhifadhi kumbukumbu za systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma zote za mfumo, kwenye diski, hivyo `journalctl --list-boots` huorodhesha miwasho yote pamoja na saa za kuanza na kuisha, na `journalctl -b -1 -n 20` huonyesha mistari ishirini ya mwisho ya mwasho uliotangulia. Mashine iliyozimwa kwa utaratibu huacha nyayo zinazoeleweka: huduma zinasimamishwa moja baada ya nyingine, mifumo ya faili inafunguliwa kutoka ilipopachikwa, na mwishowe mtunza kumbukumbu mwenyewe anaandika kwamba anasimama. Mashine iliyokatiwa umeme haina mwisho wa namna hiyo. Maandishi yake yanakatika katikati ya shughuli za kawaida. Karibu miwasho yote tuliyoikuta katika orodha ya seva hii ilikuwa ya aina ya pili. Hilo halikumshangaza karani. "Stima ikienda, inaenda na kila kitu, fundi," alisema, akaendelea na kazi yake.

Jambo dogo la kuzingatia ni saa zenyewe. Kumbukumbu zinaandika 05:10 pale ambapo karani na wakulima wote wanasema saa kumi na moja na dakika kumi, na mtu anayesoma kwa simu alfajiri hapaswi kulazimika kugeuza hesabu kichwani. Skripti itajumlisha sita, ichukue baki baada ya kugawa kwa kumi na mbili, na baki likiwa sifuri iandike kumi na mbili.

Mzigo mkubwa, prosesa zimelala

Hapa ndipo kazi ilipoanza kuwa na utamu. Asubuhi moja baada ya umeme kurudi, karani alinisomea tarakimu tatu za mwisho za `uptime`, na ya kwanza ilikuwa zaidi ya sita, ilhali prosesa ya seva hiyo ina viini vinne. Tarakimu hizo ni wastani wa mzigo kwa dakika moja, tano na kumi na tano, na wengi huzisoma kana kwamba zinapima prosesa peke yake. Katika Linux sivyo. Tangu mwaka 1993 kerneli yake, yaani moyo wa mfumo, imekuwa ikihesabu pia michakato (programu zinazoendeshwa) iliyolala usingizi usioamshika, ambayo kwa kawaida ni ile inayosubiri diski imalize kusoma au kuandika. Wakulima wanaweza kupanga foleni ndefu mbele ya mizani huku karani ameketi bila kazi, kwa kuwa mizani yenyewe ndiyo inayochelewa kutulia. Mzigo wa Linux huhesabu foleni, hauelezi nani anaichelewesha.

Kinachoeleza ni `vmstat 5`, ambayo huandika mstari mpya kila baada ya sekunde tano. Mstari wake wa kwanza ni wastani tangu mashine iwake na haufai kwa swali la sasa, hivyo nilimwomba karani auruke. Katika mistari iliyofuata, safu ya `r`, ya michakato inayotaka prosesa, ilikuwa na moja au sifuri. Safu ya `b`, ya inayosubiri, ilikuwa na tano, na safu ya `wa`, inayoonyesha asilimia ya muda ambao prosesa hazina kazi kwa sababu zinasubiri diski, ilikuwa juu sana. Kwa `ps -eo state,pid,cmd` tukachuja michakato yenye herufi D mwanzoni, tukawapata wahusika: huduma ya kuandaa nakala ya akiba ya hifadhidata, na pembeni yake michakato ya PostgreSQL iliyokuwa ikingoja zamu ya kuandika uzito wa maziwa.

Nakala ya akiba imepangiwa saa nane usiku. Kwa nini ilikuwa ikiandikwa alfajiri? Jibu liko katika faili ya kipima muda chake, yenye mstari `Persistent=true`, ambao huiambia systemd kwamba kazi iliyokosa wakati wake kwa sababu mashine ilikuwa imezimwa ifanywe mara tu mashine inapowaka. Umeme ulikuwa umepotea usiku kucha na kurudi muda mfupi kabla ya wakulima kufika. Mpangilio huo si mbaya. Nimeuacha, ila nimeongeza `IOSchedulingClass=idle` katika huduma ya nakala ili, pale mpanga foleni wa diski anapouheshimu mpangilio huo, uandishi wa maziwa utangulie.

Lakini swali lililobaki lilikuwa kubwa kuliko hilo. Nakala inakusudiwa kuandikwa kwenye diski ya nje inayounganishwa kwa USB. Kwa nini, basi, iisongeshe diski ya ndani?

Neno moja la systemd, na yale lisiyoyasema

Nililiahirisha swali hilo siku hiyo, kwa kuwa maziwa yalikuwa yakiendelea kupokelewa, nikaenda Bahati mwenyewe mchana ulipotulia.

Amri ya `systemctl is-system-running` hutoa hali ya mfumo mzima kwa neno moja. `running` maana yake uwashaji umekamilika na hakuna yuniti (huduma au kitu kingine kinachosimamiwa na systemd) iliyoshindwa. `Degraded` maana yake mfumo unaendelea lakini kuna iliyoshindwa. `Starting` ni kwamba uwashaji haujaisha. `Maintenance` ni kwamba mashine imeishia katika hali ya dharura au ya uokoaji. Namba ya kutokea ya amri hiyo, yaani ile ambayo amri huiacha ikimaliza na ambayo sifuri yake humaanisha heri, ni sifuri kwa `running` peke yake, jambo linaloifanya ipendwe na waandishi wa skripti.

Seva ya Bahati ilijibu `degraded`, na `systemctl --failed` ikataja yuniti moja tu, `systemd-networkd-wait-online.service`. Kompyuta hiyo ina tundu mbili za kebo ya mtandao, na moja haijawahi kuchomekwa kitu. Huduma hiyo husubiri kila kiungo inachokisimamia kiwe tayari, hivyo ilikuwa ikilisubiri tundu tupu kwa sekunde 120, kisha inakata tamaa. Mtandao wa kompyuta ya mizani ulikuwa mzima kabisa muda wote huo. Nimeongeza `RequiredForOnline=no` katika faili ya tundu lisilotumika, na baada ya kuwasha upya neno likawa `running`.

Ajabu yake ni kwamba neno hilo zuri lilitoka huku jambo baya likiendelea. Nilipoandika `findmnt /mnt/nakala`, hakuna kilichorudi: diski ya nje haikuwa imepachikwa, yaani haikuunganishwa na saraka hiyo ili iandikwe. Adapta yake ya umeme ilikuwa imechomolewa ukutani, na katika soketi hiyo palikuwa na chaja ya simu, tena chaja iliyoonekana kuzoea mahali pake. Ingizo la diski hiyo katika `/etc/fstab`, faili yenye orodha ya diski za kupachikwa, lina neno `nofail`, ambalo huruhusu mashine kuwaka hata diski isipokuwepo, na skripti ya nakala tuliyoikuta ilikuwa ikiandika tu katika `/mnt/nakala` bila kuuliza kama pana diski. Pasipo diski, `/mnt/nakala` ni saraka ya kawaida katika diski ya ndani. Faili zikaandikwa humo usiku baada ya usiku, skripti ikatoka na namba sifuri, systemd ikaridhika, na chama kikaamini kina nakala mahali pengine, kumbe nakala na asili yake vinakaa katika diski moja.

Kwa maoni yangu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika mradi huu, na limebadilisha namna ninavyoiona amri ya `hali`. Systemd hujua kama mchakato umetoka kwa heri au kwa shari. Haijui mchakato ule ulikusudiwa kufanikisha nini. Neno `degraded` lilitokana na tundu lisilo na kazi, na neno `running` lilifunika hatari ya kupoteza hesabu za wakulima wote. Kwa hiyo `hali` itaanza na neno hilo lakini haitaishia hapo.

Marekebisho yamefanyika katika sehemu mbili. Huduma ya nakala sasa ina mstari `ExecStartPre=mountpoint -q /mnt/nakala`, ili isipopachikwa diski huduma ishindwe waziwazi na mfumo uwe `degraded` kwa sababu inayostahili. Kisha, diski ikiwa haijapachikwa, nimeiwekea saraka tupu ya `/mnt/nakala` alama ya kutobadilika kwa `chattr +i`, ili hata mtu akiandika humo kwa mkono akataliwe, na hata akiwa ni root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Diski inapopachikwa juu yake, alama hiyo haizuii chochote.

Nafasi ya diski

`df -h` ilionyesha diski ya ndani imejaa kwa asilimia 91. Kabla ya kuweka ile alama ya kutobadilika, tulipoipachika diski ya nje, zile nakala za zamani zilifunikwa: `du -xsh /`, inayojumlisha faili zinazoonekana, haikuziona tena, ilhali `df` iliendelea kuzihesabu, na tofauti ya amri hizo mbili ikawa makumi ya gigabaiti. Dawa yake ni kuipachika saraka ya mizizi (`/`) mara ya pili mahali pengine kwa `mount --bind / /mnt/chini`, ambapo yaliyo chini ya pachiko huonekana tena. Tulizihamishia nakala hizo kwenye diski ya nje, na ujazo ukashuka hadi 38.

Kuna undani mmoja unaofaa kuandikwa kwa sababu ungetuumiza karibuni. Mfumo wa faili wa ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya root. Skripti ya nakala iliendeshwa na root. PostgreSQL huendeshwa na mtumiaji wake wa kawaida. Diski ingekaribia kujaa, hifadhidata ndiyo ingekataliwa kwanza, na nakala ingeendelea kula ile akiba ya mwisho. PostgreSQL ikikosa kabisa nafasi ya kuandika kumbukumbu za miamala husimama yenyewe, na hapo foleni ya mizani ingesimama pia. Huduma ya nakala sasa inaendeshwa na mtumiaji `postgres`.

`df -i`, inayohesabu inodi (vijirekodi ambavyo kila faili huhitaji kimoja), haikuonyesha tatizo. Itabaki katika skripti, kwa kuwa diski yenye nafasi tele lakini isiyo na inodi hukataa faili mpya kwa ujumbe uleule wa kujaa.

Kuhusu afya ya diski zenyewe, `smartctl -H` ilijibu PASSED kwa zote mbili. Neno hilo nimejifunza kutolitegemea peke yake, maana diski inaweza kulitoa huku ikiendelea kuharibika. Ninasoma pia sifa namba 5, ya sekta zilizohamishwa, na namba 197, ya sekta zinazosubiri kuamuliwa. Diski ya ndani ina sifuri katika zote mbili. Ya nje ina sekta nane zilizohamishwa, na `hali` itatoa tahadhari idadi hiyo ikiongezeka.

Kumbukumbu ya RAM na saa

Juu ya `free -h` sina mengi: isomwe safu ya `available`, iachwe ile ya `free`, kwa sababu Linux huitumia RAM isiyo na kazi kuhifadhi yaliyosomwa kwenye diski na huirudisha inapohitajika.

Saa ina mengi zaidi. Rekodi ya maziwa yenye tarehe isiyo sahihi ni mbaya kuliko rekodi isiyokuwepo, kwa kuwa inaingia katika malipo bila kuonekana. Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama ilikuwa imekwisha, hivyo umeme ukikatika usiku kucha saa ya maunzi ilirudi nyuma. Systemd-timesyncd huhifadhi wakati wa mwisho inaoujua katika faili `/var/lib/systemd/timesync/clock` na huizuia saa ya mfumo isirudi nyuma ya hapo. Pasipo intaneti, basi, seva iliamka alfajiri ikiamini bado ni jana jioni, kosa linaloonekana la kawaida kabisa kwenye kioo. Betri imebadilishwa. Katika skripti kuna maswali mawili: `timedatectl show -p NTPSynchronized --value` imejibu `yes`? Na saa ya maunzi, isomwayo kwa `hwclock`, inatofautiana na ya mfumo kwa zaidi ya dakika mbili?

Amri yenyewe

Skripti imekamilika kwa kiasi cha kutumika. Ni Bash tupu, na inafuata desturi ya zana za ufuatiliaji kama Nagios katika namba za kutokea: sifuri kwa salama, moja kwa tahadhari, mbili kwa hatari, tatu kwa isiyojulikana. Kuhusu hifadhidata, nilianza na `pg_isready`, ambayo hujibu sifuri iwapo PostgreSQL inapokea miunganisho, lakini kupokea mgeni mlangoni si kuandika uzito wa maziwa. Kwa hiyo `hali` huandika pia rekodi moja katika jedwali dogo la majaribio, huisoma tena, kisha huifuta. Karani amepewa ruhusa ya `sudo` kwa amri hiyo peke yake, kwa kuwa `smartctl` na `hwclock` zinahitaji mamlaka ya root.

Haya ndiyo aliyonisomea asubuhi ya jaribio, ambapo kwa makusudi tuliiacha diski ya nje bila umeme:

```
HALI YA SEVA: HATARI
Imewaka tangu leo saa 10:52 alfajiri. Ilizimika ghafla.
Huduma: 1 imeshindwa (nakala ya akiba).
Diski ya nakala: HAIJAPACHIKWA. Angalia adapta yake ukutani.
Diski ya ndani: imejaa asilimia 38.
Hifadhidata: inaandika na kusoma.
Saa: sahihi.
```

Mstari wa kwanza ni hukumu, na palipo na hatari mstari husika husema pia mkono upelekwe wapi. "Basi mama, chomeka hiyo adapta, uandike tena," nilimwambia. Safari hii diski ilipachikwa, lakini huduma ya nakala ikaendelea kuhesabiwa kuwa imeshindwa, kama ilivyo kawaida ya systemd hadi kazi irudiwe ikafaulu au mtu atoe amri ya `reset-failed`. Nimelipendelea la kwanza. Kufuta alama ya kushindwa bila kuirudia kazi ni kuinyamazisha mashine, na `reset-failed` haimo katika ruhusa za karani.

Yaliyobaki

Kifaa cha kuhifadhi umeme kimeidhinishwa na kamati ya chama. Kikifika kitaunganishwa kwa USB na kusimamiwa na Network UPS Tools, ambayo amri yake ya `upsc` hutoa hali kwa vifupisho: OL umeme ukiwepo, OB mashine ikiwa kwenye betri, LB betri ikikaribia kwisha. Seva itazimwa kwa utaratibu ikifika LB, na `hali` itaongezewa mstari mmoja wa umeme, utakaokaa juu ya mstari wa huduma. Diski ya nje yenye sekta nane itabadilishwa kabla ya malipo ya mwisho wa mwezi huu. Mpya imekwisha kununuliwa mjini na inapitia jaribio refu la `smartctl -t long` mezani kwangu.